Tone lipi kwa jicho lenye presha?

Wagonjwa wa glakoma, au presha ya macho kama wengi tunavyoiita, wakikutana kwenye benchi la kliniki hawachelewi kulinganisha chupa. Huyu kapewa timololi, yule latanoprosti, wa tatu ana chupa mbili na hajui ashukuru au alalamike. Kisha hukumu hutolewa papo hapo: "Yangu kali, inawasha kwelikweli." "Hii yangu maji matupu, naitia mwezi wa sita huu sioni tofauti." Ulinganisho umeshapotea njia kabla daktari hajafungua mlango.

Matone ya glakoma hayakutengenezwa ili kesho uone vizuri kuliko leo. Neva ya jicho ikishakufa haifufuki. Kazi ya dawa ni kushusha presha ndani ya jicho ili neva iliyobaki isiendelee kufa, au ife polepole kiasi kwamba uzee ukukute bado unasoma na kuvuka barabara mwenyewe. Presha hiyo ikipanda taratibu husikii kitu, ikishuka pia husikii kitu. Kwa hiyo jicho lako haliwezi kuwa shahidi wa dawa yako. Shahidi ni kipimo: ile namba ya milimita za zebaki inayoandikwa kwenye kadi, pamoja na kipimo cha uwanja wa kuona na hali ya neva anayoitazama daktari kwa nyuma.

Basi kabla ya kuuliza dawa ipi bora, omba namba mbili: presha yako kabla ya kuanza dawa, na presha yako ya sasa. Ziandike kwenye simu au nyuma ya kadi. Aliyeanza na 30 akafika 21, dawa imemshushia asilimia 30, na hayo ni matokeo mazuri kwa chupa moja. Aliyetoka 30 akafika 28 ana tatizo la dawa au la namna anavyoitia. Wala usikariri kwamba chini ya 21 ni salama kwa kila mtu. Wapo ambao neva yao huharibika hata presha ikiwa 17, ndiyo maana daktari huweka lengo la mgonjwa mmoja mmoja. Muulize lengo lako ni ngapi.

Kuna anayeuliza, kama hakuna nafuu inayohisika, tunajuaje kwamba matone yanasaidia? Uingereza walilijaribu hilo kwa wagonjwa 516, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Nusu walitia latanoprosti, nusu walitia matone yasiyo na dawa, na hakuna aliyejua yuko kundi lipi. Baada ya miaka miwili, waliopoteza sehemu ya uwanja wa kuona walikuwa karibu asilimia 26 upande wa matone matupu na asilimia 15 upande wa dawa. Dawa inasaidia, na pia haimkingi kila mtu. Ukweli wote huo uchukuliwe pamoja. Nasi huku suala hili halituhusu kwa mbali: utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa zaidi ya watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea.

Sasa tuzifungue chupa zenyewe. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote, na hayo si machozi. Lifikirie tangi lenye bomba la kuingiza na mfereji wa kutoa. Dawa ama hupunguza bomba, ama hufungua mfereji. Timololi, dorzolamidi na brinzolamidi hupunguza bomba. Latanoprosti na ndugu zake, travoprosti, bimatoprosti na tafluprosti, hufungua njia ya kutokea. Brimonidini hufanya zaidi kazi ya kwanza na kidogo ya pili. Ukilijua hili utaelewa kwa nini daktari akiongeza chupa ya pili huichukua kundi jingine, na kwa nini latanoprosti na travoprosti kwa pamoja ni hasara tupu.

Nikiulizwa chupa ya kwanza ya kufikiriwa kwa mtu mzima asiye na kizuizi chochote, nitataja latanoprosti, na madaktari wengi wa macho duniani wako upande huo. Hushusha presha kwa kadiri ya robo hadi theluthi, hutiwa mara moja tu kwa siku, kwa kawaida jioni, na huendelea kufanya kazi usiku umelala. Haigusi mapafu wala moyo kwa kiasi cha kutia hofu. Kero zake nyingi ni za sura: macho kuwa mekundu wiki za mwanzo, kope kurefuka na kuwa nene, ngozi inayozunguka jicho kuwa nyeusi, na baada ya muda mrefu jicho kuonekana limezama ndani kidogo, hasa kwa bimatoprosti. Huko Marekani bimatoprosti iliidhinishwa mwaka 2008 kuwa dawa ya urembo ya kurefusha kope, kwa hiyo kero ya mmoja ni biashara ya mwingine. Tatizo ni kwa anayetia jicho moja tu, kwani macho yake huanza kutofautiana. Hilo lisemwe mapema, mtu asije akaacha dawa kimyakimya kwa sababu ya kioo. Habari kwamba rangi ya jicho hubadilika ni kweli, lakini kwa macho meusi au ya kahawia iliyokolea kama mengi ya kwetu mabadiliko hayaonekani kirahisi. Aliyewahi kuvimba ndani ya jicho, au mjamzito, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Kosa linalofanyika sana na dawa hii ni kuiongeza. Mtu anaona presha haijafika lengo, anaamua kutia asubuhi na jioni. Latanoprosti ikizidi mara moja kwa siku nguvu yake hupungua badala ya kuongezeka. Wengine huzidisha bila kujua, kwa sababu mwezi huu wamenunua boksi lenye jina la kampuni moja, mwezi ujao la kampuni nyingine, na la zamani halijaisha. Wanatia zote wakidhani ni dawa mbili. Jina la dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara. Soma hilo dogo.

Timololi ndiyo chupa ambayo wengi wetu tumeandikiwa, na sababu kubwa ni bei. Imekuwapo sokoni Marekani tangu 1978, hutengenezwa na viwanda vingi, na mara nyingi ndiyo inayopatikana hata katika hospitali ya wilaya. Hushusha presha kwa takribani asilimia 20 hadi 25, hutiwa mara moja au mbili kwa siku, haiwashi sana na haibadilishi sura. Kwa mtu mwenye mapafu na moyo vizuri ni dawa ya kuheshimiwa. Asikudharau mtu kwa kutumia timololi.

Lakini katika matone yote haya, timololi ndiyo ningependa ieleweke kuliko nyingine, kwa sababu watu hawaamini kwamba tone la jichoni linaweza kumfikisha mtu wodini. Tone huteremka kwenye kitundu cha machozi kilichoko pembe ya ndani ya jicho, huingia puani, na kutoka hapo huingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Timololi iko katika kundi la beta bloka, sawa na atenololi na propranololi za vidonge. Kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua, na kubana huko kumewahi kuua. Kwa mwenye moyo unaopiga taratibu kupita kawaida, au mwenye hitilafu ya umeme wa moyo, inaweza kuupunguza mwendo hadi mtu akazimia. Kwa mwenye kisukari anayejidunga insulini inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, kama moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Wengine huchoka bila sababu, huingiwa na huzuni, au hupungukiwa nguvu za kiume, na kwa aibu hawasemi, wala hawaihusishi na chupa ya macho.

Kwa hiyo ukiandikiwa timololi na una pumu, hata ile iliyokubana mara ya mwisho ukiwa shuleni, sema kabla ya kutoka chumbani. Kama unatumia atenololi kwa ajili ya presha ya damu, sema pia: timololi haitaongeza faida kubwa juu yake, ila madhara yatajumlishana. Na hapo hapo ondoa wazo kwamba vidonge vyako vya presha ya damu vinatosha kutibu na jicho. Hata pale ambapo kidonge kimoja hushusha zote mbili kidogo, si tiba ya glakoma.

Dorzolamidi na brinzolamidi hazina ubishi mwingi. Hushusha asilimia 15 hadi 20 zikiwa peke yake, hutiwa mara mbili au tatu kwa siku, na mara nyingi huja kama chupa ya pili. Dorzolamidi huwasha, brinzolamidi huwasha kidogo zaidi ya maji lakini huacha ukungu wa dakika chache. Zote huacha uchungu mdomoni, na huo ni ushahidi kwamba dawa imeteremka kooni, si kwamba ina nguvu. Zina asili ya salfa, hivyo aliyewahi kubabuka kwa dawa za salfa kama Septrin amtaarifu daktari. Brimonidini hushusha karibu sawa na timololi na haidhuru mapafu, ila hutiwa mara mbili au tatu, hukausha mdomo, huleta usingizi, na wengine baada ya miezi kadhaa huota mzio: macho mekundu yanayowasha kwa siku nzima. Mtu aliyeizoea bila shida kwa miezi hawezi kuamini kwamba sasa ndiyo inayomtesa, kumbe ndiyo tabia yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili asitiwe brimonidini hata kidogo, kwani inaweza kumlegeza hadi asipumue vizuri. Mama anayenyonyesha naye aulize kwanza.

Pilokapini ni mzee wa zote, imetokana na mmea wa Brazili na imetumika kwenye macho tangu karne ya 19. Hutiwa hadi mara nne kwa siku, huibana mboni mpaka giza la jioni linakuwa zito, na huumiza kichwa juu ya nyusi. Siku hizi imebaki na kazi zake maalumu, hasa kwa jicho ambalo mfereji wake umejifunga.

Halafu kuna chupa za mchanganyiko: dorzolamidi na timololi, latanoprosti na timololi, brimonidini na timololi. Faida yake ni kutia mara chache na kukumbuka kitu kimoja, na dawa ya pili haiioshi ya kwanza. Hatari yake umeshaiona: timololi imo katika zote tatu, wakati jina kubwa kwenye boksi halimtajii mwenye pumu chochote. Aliyekatazwa timololi amekatazwa na hizi.

Je, bei? Hataza ya latanoprosti ilikwisha Marekani mwaka 2011, na tangu hapo viwanda vingi vimeingia, bei ikashuka, ingawa timololi bado huwa chini yake. Ukilinganisha, usilinganishe chupa kwa chupa. Linganisha mwezi kwa mwezi. Chupa ya latanoprosti ya mililita 2.5 humtosha anayetia macho yote mawili kwa takribani mwezi: ni matone 60 tu. Timololi mara mbili kwa siku ni matone 120. Kama chupa yako ya latanoprosti huisha wiki ya pili, dawa inaishia shavuni. Na nitasema jambo ambalo baadhi ya madaktari hawatalipenda: timololi unayoweza kuinunua kila mwezi bila kukosa inailinda neva kuliko latanoprosti unayoinunua Januari ukaikosa hadi Machi. Mweleze daktari uwezo wako wazi. Si uombaomba huo, ni sehemu ya historia ya ugonjwa wako, naye hawezi kuchagua vizuri asipoijua.

Joto nalo ni gharama. Latanoprosti nyingi hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kufunguliwa. Ikishafunguliwa huvumilia hadi nyuzi 25 kwa wiki nne au sita, kutegemea mtengenezaji. Sasa chumba cha Tanga au Mombasa mwezi wa Februari saa nane mchana kina nyuzi ngapi? Mwenye friji aiweke humo, mbali na sehemu ya kugandisha. Asiye na friji amuulize mfamasia kama ana aina iliyotengenezwa kukaa nje ya friji, maana zipo, au daktari afikirie timololi. Na uangalie duka lenyewe: kama chupa inayotakiwa friji imepangwa kwenye rafu inayopigwa na jua, nenda duka jingine. Ukifungua chupa, andika tarehe juu yake kwa kalamu.

Kutia kwenyewe watu wengi hatukufundishwa. Nawa mikono, inua uso, vuta kope la chini liwe kama kijifuko, tazama juu, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Moja linatosha, jicho haliwezi kubeba hata hilo lote, kwa hiyo la pili ni la kumwaga. Likikosa jicho, rudia. Kisha funga jicho taratibu bila kulikaza, na bonyeza kwa kidole ile pembe ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Kubonyeza huku ndiko kunakoizuia timololi isikimbilie kwenye damu, na huondoa ule uchungu wa dorzolamidi. Kama una chupa mbili, subiri dakika tano kati yake. Mikono ikitetemeka, lala chali, au mpe mjukuu kazi hiyo. Wajukuu huipenda na hawasahau.

Siku ya kliniki tia dawa kama kawaida, na mwambie daktari ulitia mara ya mwisho saa ngapi. Wapo wanaoacha kwa wiki kadhaa kisha wakatia kwa bidii siku tatu kabla ya kupimwa. Namba inakuwa nzuri, daktari anaridhika, neva inaendelea kufa.

Mwezi wa Ramadhani wengi wa Pwani na Visiwani huacha matone ya mchana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kwamba matone ya macho hayafunguzi, mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Ambaye moyo wake bado hautulii anaweza kupanga na daktari wake: latanoprosti baada ya futari, timololi futari na daku. Kuacha mwezi mzima hakuna aliyekuamuru.

Kuna chupa moja ambayo haipo kwenye ulinganisho huu na ambayo lazima niitaje: matone ya steroidi, kama deksamethasoni, yanayotolewa dukani bila cheti kwa kila jicho jekundu au linalowasha. Hutuliza siku ile ile, ndiyo maana hupendwa. Yakitumiwa kwa wiki na miezi huweza kupandisha presha ya jicho na kuzaa glakoma, hata kwa mtoto wa shule mwenye mzio wa macho ambaye mama yake humnunulia chupa ileile kila ikiisha. Kama unatibiwa glakoma, usitie chupa yoyote nyingine jichoni, ya dukani wala ya mitishamba, kabla ya kuuliza. Na jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kwenye taa na kutapika, hilo si la kusubiri tarehe ya kliniki. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, chupa isilinganishwe na chupa peke yake. Mwaka 2021 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa hapa kwetu, hospitali ya KCMC, Moshi. Wagonjwa 201 waligawanywa: wengine wakapewa timololi ya asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, wengine wakapigwa leza iitwayo SLT, inayosaidia mfereji wa jicho kupitisha maji. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho ya leza na asilimia 31 ya macho ya timololi. Uingereza nako, katika utafiti wa wagonjwa 718 uliochapishwa 2019, karibu robo tatu ya walioanza na leza walikuwa hawajahitaji tone lolote baada ya miaka mitatu. Leza hii haifai kila aina ya glakoma, nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, wakati mwingine hurudiwa, na kupimwa kunabaki palepale. Lakini kwa mtu anayekaa mbali na duka la dawa, asiye na friji, na mwenye kifua kisichotaka timololi, ndilo swali la kumuuliza daktari kabla ya kununua chupa ya mwaka wa pili: je, jicho langu linafaa leza, na mashine iliyo karibu iko wapi?